Uliza Benchi: Kwotabeki wa kuumia-umia, mechi ya 17 ataiona?

Meseji za Pamba Jiji mwezi huu nimeziweka pembeni kwanza, zile zinataka ukurasa wake na maji ya baridi. Nimechukua tatu zinazofanana kidogo, zote za watu wa hapahapa ziwani Mwanza.

SWALI: Mwangaluka kaka wa Benchi. Mimi ni fundi simu hapa Igoma. Shemeji yangu anaishi Ohio Marekani miaka mingi, ndo alituingiza kwenye huu mpira wao wa kushika mkononi, siku hizi Jumapili usiku tunaunganisha simu na TV tunaangalia hadi majirani wanakuja. Timu yake Cincinnati Bengals, kwotabeki wao Joe Burrow. Sasa tumewekeana mbuzi. Yeye anasema msimu ujao Burrow anacheza mechi zote 17, mi nasema hafiki, maana kila nikisoma habari zake naona leo goti kesho mkono keshokutwa kidole. Je mbuzi ni wangu? – Fundi, Igoma

JIBU: Mwangaluka fundi. Nikuambie haraka ili ulale: mbuzi ana dalili nzuri ya kuja Igoma. Ila sababu unayoitoa siyo yenyewe, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Kwa wasioujua huo mchezo wa American football, kwotabeki ndo anapokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, anasimama sekunde mbili tatu anatafuta wa kumrushia, na muda wote huo kuna majitu ya kilo 120, 130 yanamkimbilia yamuangushe, na ni halali. Chukua namba kumi wako pale Nyamagana halafu mwambie kila akigusa mpira mabeki wanne wanaruhusiwa kumrukia mwilini, uone kama wiki ya tatu atakuja mazoezini.

Haya, Burrow mwenyewe. Aliingia ligi 2020, chaguo la kwanza, yaani timu zilipogawana wachezaji wapya yeye ndo alichukuliwa wa kwanza kabisa, akacheza mechi 10 goti la kushoto likakatika. 2021 akarudi, akaifikisha timu mpaka Super Bowl, ndo fainali yao. 2022 naye alikuwepo. 2023 akacheza mechi 10 tena kifundo cha mkono wa kulia kikaharibika, huo ndo mkono wa kurushia. 2024 mechi zote 17, yadi 4,918 za kurusha, pasi 43 za tachidauni, ndo bao lao. 2025 mechi ya pili tu kidole gumba cha mguu, akapasuliwa, akarudi mwishoni mwa Novemba. Kwa hiyo ni kweli anaumia, ila umeona hizo sehemu? Goti, mkono, kidole. Sehemu tatu ambazo hazina undugu. Mwili mbovu hauko hivyo. Mwili mbovu ni kama wa Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, goti la kushoto lilikatika 2013, akajiuguza mwaka mzima, 2014 likakatika lilelile kwenye mechi ya kujipima nguvu hata ligi haijaanza. Huyo ningekuambia mbuzi mchinje leo.

Sasa kwa nini bado nasema uko upande mzuri? Kwa sababu ya mkeka, ule wa kubeti. We ni wa Igoma unajua mkeka. Chukua mechi 17, kila moja odi ya 1.05, yaani timu ambazo hata bibi yako anajua zinashinda. Zidisha zote unapata kama 2.3 tu, na kila mtu ameshaona mkeka wa namna hiyo ukichanwa na mechi moja ya ajabu dakika ya 89. Kwotabeki ni hivyohivyo. Tuseme kila mechi ana nafasi 95 kwa 100 ya kutoka uwanjani akiwa mzima wa kucheza wiki inayofuata, ni nafasi nzuri sana hiyo, zidisha mara 17 inabaki kama 42 kwa 100. Mpandishe hadi 97 kwa 100, bado inafika 60 tu. Hizo namba nimezitoa kichwani kwa mfano, siyo za Burrow, ila unaona mwendo wake: hata mtu mgumu kabisa kumaliza msimu mzima ni kama kurusha shilingi. Ndo maana yule Brett Favre aliyeanza mechi 297 za ligi mfululizo kutoka 1992 mpaka 2010 wenzake wanamshangaa mpaka leo. Shemeji yako hajaweka mbuzi kwa Burrow, ameweka mbuzi kwenye mkeka wa mechi 17.

Na hili jina la "mgonjwa mgonjwa" lina uongo mwingi ndani yake. Matthew Stafford alipoanza pale Detroit 2009 alicheza mechi 10, mwaka uliofuata mechi 3, watu wakamwita kioo. Kuanzia 2011 mpaka 2018 hakukosa mechi hata moja ya ligi, misimu minane, mechi 16 kila msimu, wakati huo zilikuwa 16. Na Februari 2022 huyo kioo ndo alimfunga Burrow wako kwenye Super Bowl, 23 kwa 20, akiwa na Rams. Ungemwekea mbuzi kwamba hafiki ungefuga zizi zima la madeni.

Kinyume chake yupo Tua Tagovailoa, enzi hizo kwotabeki wa Miami. 2022 kichwa kilimsumbua mpaka watu wakataka astaafu (nitamrudia kwenye swali la pili). Akaenda kujifunza jujitsu, na wala siyo ya kupigana, alienda kujifunza kuanguka, kwa sababu alikuwa akianguka kisogo kinapiga chini. Sisi tuliokulia kwenye mawe ya Mabatini tunalijua hilo, ukiteleza ukakaza mkono unavunjika, ukijikunja ukabiringita unaamka unacheka. Akaongeza na misuli. 2023 akacheza zote 17 akaongoza ligi nzima kwa yadi za kurusha, 4,624. Kila mtu akasema kapona, dawa imepatikana. 2024 mechi ya pili tu akakimbia na mpira mwenyewe, akaingia na kichwa kwa beki wa Buffalo, mtikisiko wa ubongo tena, akakosa mechi nne, na mwisho wa msimu nyonga ikamtoa. Kuanguka alijifunza, ila siku hiyo hakuangushwa, aligonga mwenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kujua mbuzi anaelekea wapi acha kumwangalia Burrow, angalia wale watano wanaosimama mbele yake kumlinda. Msimu wa 2021 aliangushwa mara 51 akiwa bado ameshika mpira, hakuna kwotabeki aliyeangushwa zaidi yake mwaka huo, halafu kwenye mtoano mechi moja na Tennessee wakamwangusha mara 9 na bado akashinda, nilicheka peke yangu. Super Bowl mara 7. Na yeye mwenyewe ana tabia ya kung'ang'ania mpira akitafuta pasi ya mbali. Wiki mbili za kwanza mkiona anaachia mpira haraka na jezi yake haina udongo, anza kuogopa. Mkiona anainuliwa inuliwa, kamnunulie mbuzi kamba.

La mwisho kwako, na hili ni muhimu kuliko hayo yote: andikianeni "mechi zote" maana yake nini. 2021 Burrow alikuwa mzima ila mechi ya mwisho walimpumzisha kwa sababu timu ilishafuzu. 2022 Bengals wenyewe walicheza mechi 16, maana ile ya tarehe 2 Januari 2023 dhidi ya Buffalo ilisimamishwa baada ya beki Damar Hamlin kuanguka moyo ukasimama uwanjani, haikurudiwa tena (Hamlin alipona akarudi kucheza, na ndo huyohuyo Tua alimgonga na kichwa 2024, dunia ndogo kweli). Sasa msimu kama huo mbuzi ni wa nani? Mmoja wenu atakataa kulipa na undugu utaingia mchanga kwa ajili ya mnyama wa laki na nusu.

SWALI: Shikamoo Benchi. Mwanangu ana miaka 15 anacheza ndondo huku mtaani. Jumamosi aligongana kichwa na mwenzake, akakaa chini kama amelewa, kocha wake akammwagia maji akamrudisha uwanjani akamaliza mechi. Usiku kichwa kikamuuma, Jumapili akasema yuko fresh. Jumamosi hii wana fainali na kocha anamtaka. Mimi roho haitaki ila baba yake anasema nimlee kiume. – Mama wa beki tatu, Kirumba

JIBU: Marahaba dada. Roho yako iko sahihi, fainali hachezi. Sitaki kuzunguka hapa.

Tua niliyemtaja juu, tarehe 25 Septemba 2022 aliangushwa, akainuka akapepesuka mbele ya kamera, wakasema ni mgongo, akarudi kucheza kipindi cha pili. Siku nne tu baadaye, hukohuko Cincinnati, akaangushwa tena, vidole vikakakamaa hewani, akatolewa kwa machela. Ile timu ina madaktari wamejaa pembeni ya uwanja na bado walipitiwa. Oktoba mwaka huohuo ligi ikabadilisha kanuni, mchezaji akiyumba kwa sababu ya kichwa siku hiyo harudi uwanjani, bila mjadala. Sasa kocha wa mtaani mwenye kidumu cha maji atajuaje?

Mtikisiko wa ubongo hauonekani kama uvimbe wa enka, ndo ubaya wake. Mtoto anaweza kusema yuko fresh kwa sababu anataka fainali, wewe ungesema nini ukiwa na miaka 15? Na kugongwa mara ya pili kabla ya kwanza haijapona ndo hatari kubwa, hasa kwa watoto, ubongo unaweza kuvimba ghafla.

Afanye hivi: mpeleke kwa daktari wiki hii hata kama anacheka. Siku moja mbili za mwanzo ni za kupumzika, kama alishazipita kwa kucheza gemu za simu usiku kucha mzipitie tena. Baadaye kutembea, halafu kukimbia taratibu, halafu mazoezi ya mpira bila kugusana na mtu, kila hatua walau siku nzima, na dalili zikirudi anarudi hatua ya nyuma. Kugusana mpaka daktari aseme. Watoto huchukua muda mrefu kuliko wakubwa, wiki mbili hadi nne ni kawaida na wengine zaidi. Na ukiona anatapika tapika, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, anachanganya maneno, usingizi mzito usio wa kawaida, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine au degedege, usisubiri asubuhi, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Baba yake mwonyeshe hapa: hata kwenye soka sheria tangu 2024 zinaruhusu mashindano kuweka mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa, yaani anatoka bila kuhesabiwa kwenye zile sabu za kawaida. Hao waliotunga sheria nao hawakulelewa kiume? Kocha wako kama hana sabu ya beki tatu hilo ni la kwake, atafute.

SWALI: Mimi nauliza fupi. Hizo mechi za Marekani kwetu huku ni saa ngapi hasa, maana kila nikifungua simu nakuta zimeisha. – Mtu wa dagaa, Igombe

JIBU: Mechi nyingi ni Jumapili. Za mchana wao, kwetu ni saa mbili usiku mwanzoni mwa msimu, kuanzia Septemba, halafu wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba zinasogea kuwa saa tatu. Kundi la pili ni usiku mwingi, kwenye saa tano na kitu, baadaye saa sita. Ile kubwa ya Jumapili usiku wao kwetu inaanguka alfajiri ya Jumatatu, saa tisa na dakika zake, Novemba inakuwa saa kumi.

Wewe kwa kazi yako umebarikiwa kuliko sisi tunaosinzia ofisini. Usiku wa giza uko ziwani na taa zako hiyo ya saa tisa utaikosa maana mtandao huko katikati unakuja na kuondoka, ila mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki mko nyumbani mnashona nyavu, usingizi hauji kwa mazoea. Hizo ndo Jumapili zako. Na ukimuona Burrow anachechemea mpigie Fundi wa Igoma, atapokea hata saa tisa.