Jikoni na Wasomaji: Rojo la Pizza Kwenye Pasta, la Pasta Kwenye Pizza

SWALI: Shangazi, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru. Jumamosi nilipika rojo la nyanya la kulia spageti, tukala tukashiba, na bakuli zima likabaki. Kesho yake watoto waliomba pizza, nami sikuona haja ya kupika rojo jingine. Nililipaka lile lililobaki juu ya unga, nikanyunyiza jibini na kuingiza ndani ya oveni. Kingo zilipata rangi nzuri sana, lakini katikati palikuwa pabichi na telezi kama uji, na kila kipande kilipoinuliwa, vyote vilivyokuwa juu vilimwagikia sahanini. Mume wangu anashikilia kwamba nilikosea kukanda unga. Mimi nashuku rojo. Je, nani kati yetu amesema kweli?

JIBU: Wewe, mama, ingawa nitamwachia mzee sehemu ndogo ya ushindi. Nyanya mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na mpishi wa pasta huyaacha baadhi ya maji hayo makusudi, kwa kuwa rojo lake linatakiwa kuteleza na kuuvika kila uzi wa spageti. Unapolipaka rojo hilo juu ya unga, maji yale hayana pa kwenda ila kupanda juu kama mvuke, na huko juu yanakutana na jibini lililokwisha kuyeyuka na kufunika kama mfuniko wa sufuria. Unga ulio chini yake hauwezi kupata joto zaidi ya lile la maji yanayochemka mpaka maji hayo yaishe. Kwa hiyo oveni yako ilisoma nyuzijoto 200 na zaidi, kingo zikaokwa kama mkate, huku katikati pakichemshwa tu.

Huenda umesikia kwamba Waitaliano hupaka nyanya zisizopikwa kabisa, na ni kweli: kanuni za pizza ya Napoli, ambayo Umoja wa Ulaya uliisajili mwaka 2010 kuwa chakula cha jadi, zinataja nyanya zilizomenywa na kupondwa, bila kupikwa sufuriani. Lakini tanuri lao la kuni hupita nyuzijoto 400 na pizza hutoka baada ya dakika moja au moja na nusu, ilhali oveni ya nyumbani hujikongoja kufikia 250 na huhitaji dakika kumi au zaidi. Kazi ambayo moto wao huifanya kwa dakika moja, sisi tunapaswa kuifanya mapema kwenye sufuria.

Rojo la Jumamosi lingeweza kuokolewa. Limimine kwenye kikaango kipana badala ya sufuria yenye kina, kwa sababu upana ndio unaotoa mvuke, ulipike bila mfuniko kwa moto wa wastani huku ukikoroga, na uponde vipande vyote vya kitunguu na hoho mpaka vilainike, maana kila kipande kinene kinahifadhi maji yake. Burura mwiko katikati ya kikaango: ikiwa njia uliyoichora inajaa papo hapo, endelea kupika, ikiwa chini pameonekana na njia imekaa wazi kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, zima moto. Kisha weka kijiko kimoja cha rojo kwenye sahani nyeupe na uiinamishe kidogo. Pakitokea duara la maji mepesi kuzunguka rojo, bado halijawa la pizza. Likishakuwa tayari, liache lipoe kabisa, kwani rojo la moto huanza kulainisha unga kabla haujaingia ndani ya oveni. Pizza yenye upana wa sahani kubwa inatosheka na vijiko vinne au vitano vya mezani. Najua ni kidogo machoni, na hapo ndipo wengi wetu tuliolelewa kwa mchuzi mwingi tunapoharibu.

Kuhusu mzee: unga mnene hufanya tatizo liwe baya zaidi, kwa hiyo mpe hilo.

Siku nyingine ununue nyanya zile ndefu zenye nyama nyingi na juisi kidogo, aina kama Cal J na Rio Grande ambazo wakulima wetu wengi hupanda, badala ya zile za mviringo zinazomwaga maji ukigusa kisu tu. Ukishazikata, zitie motoni mara moja. Nyanya iliyokatwa ikakaa huanza kujivunja yenyewe, kwa kuwa vimeng'enya vyake hukata pektini ambayo ndiyo inayoshika rojo pamoja, na joto la haraka huvizima. Pika rojo moja zito lenye kitunguu saumu, mafuta na chumvi kidogo tu, bila majani ya harufu. Ligawe mara mbili: nusu ibaki hivyo kwa pizza, nusu ilegezwe siku ya pasta. Kulegeza ni kazi ya dakika mbili. Kukausha, kama ulivyoona, kunataka nusu saa na subira.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Kondele, Kisumu. Yangu ni kinyume cha yale yanayoulizwa kila mara: nilikuwa na rojo la pizza nikalichanganya na makaroni. Yaligandamana yakawa donge moja lenye chumvi kali, na oregano, yale majani makavu ya harufu, ilikuwa imezidi mno. Nikaongeza maji ya mfereji. Yakaacha kugandamana, lakini rojo likajitenga, nyanya upande mmoja na maji mekundu upande mwingine. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea kuongeza maji, ulikosea kuchagua maji. Yale uliyomwaga baada ya kuchuja makaroni, yenye rangi ya mawingu, yamebeba wanga uliotoka kwenye pasta, na wanga huo ndio unaoyashikisha mafuta na nyanya vikawa kitu kimoja. Maji ya mfereji hayana cha kushikisha, ndiyo maana vitu vilijitenga.

Safari ijayo, chota kikombe kizima cha maji hayo kabla ya kuchuja, na uchuje makaroni yakiwa bado yana kiini kigumu kidogo. Rudisha kila kitu kwenye sufuria juu ya moto: rojo kwanza, kijiko cha mafuta, maji ya wanga kiasi cha robo kikombe, kisha makaroni. Tikisa na kukoroga kwa dakika moja au mbili, ukiongeza maji kijiko kwa kijiko mpaka rojo liambate kwenye makaroni bila kuacha dimbwi chini. Chumvi ilizidi kwa sababu rojo la pizza hukolezwa likijua kwamba litapakwa jembamba juu ya unga mwingi. Basi punguza chumvi unayotia kwenye maji ya kuchemshia. Oregano haitoki ikishaingia, ila unaweza kuipunguza makali kwa kukaanga kitunguu na nyanya mbili mpya, kisha ukachanganya humo.

Usizitegemee sana dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na maji huchemka karibu na nyuzijoto 96. Kwa jirani zetu wa Nakuru ni kama 94. Maji yakichemka kwa joto dogo hivyo, pasta huchelewa kuiva. Onja, usitazame saa.

SWALI: Shangazi, hapa kwetu Mumias sina oveni. Pizza naioka kama keki, ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Je, rojo la pasta lililokaushwa kama unavyoshauri litafaa?

JIBU: Litafaa, lakini likaushe zaidi, kwa sababu sufuria iliyofunikwa huzuia mvuke wote ambao oveni ingeuachia. Oka unga peke yake kwanza kwa dakika chache, uugeuze kama chapati, upake rojo upande ulioiva, ndipo uweke jibini. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kabla ya kufunua, kung'uta majivu yaliyo juu ya mfuniko. Nimewahi kuwalisha wageni pizza yenye majivu na hakuna aliyesema neno, jambo lililoniuma kuliko kama wangesema.

SWALI: Rojo langu huwa chachu, iwe kwa pizza au kwa pasta. Mama mkwe ananishauri nitie musherekha kidogo, yale maji ya majivu yaliyochujwa. Je, nimsikilize? Msomaji, Kakamega.

JIBU: Mama mkwe anajua anachosema. Maji ya majivu yana asili ya kukata uchachu, sawa na magadi ya kuokea. Shida ni kwamba musherekha una ladha yake, inayopendeza kwenye mrenda na kuonekana mgeni kwenye nyanya. Kwa rojo la pasta, tumia magadi ya kuokea, kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili kwa sufuria ya nyanya kilo moja. Litatoa povu, likitulia onja kabla ya kuongeza. Kwa pizza acha uchachu ulivyo, kwa sababu jibini lina mafuta na chumvi na linauhitaji. Sukari huficha uchachu bila kuuondoa, na ikizidi unapata ladha ya ile sosi ya chupa tunayomiminia chipsi.