Muulize Mzee: Mtakatifu Antoni kanyolewa au ana upara?

SWALI: Shikamoo mzee. Kanisani kwetu ipo sanamu ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Utosini hana nywele, zimebaki kama pete kuzunguka kichwa. Mume wangu anashikilia kwamba ni upara tu, mimi nasema kanyolewa. Na kama kanyolewa, mbona mapadre wetu hawanyoi hivyo? – Mama Vero, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba Vero kashindwa. Ile ni tonsura, neno la Kilatini lenye maana ya kukata nywele. Wazee wetu walikata denge, wananyoa pembeni wanaacha utosi. Tonsura ni denge lililopinduliwa.

Ndiyo iliyokuwa alama ya mtu kuingia katika ukleri, yaani kundi la watumishi rasmi wa Kanisa. Lile duara wengi walilifananisha na taji la miiba. Wengine walisema mtumwa hunyolewa, na mtawa ni mtumwa wa Kristo. Wamonaki wa Mashariki walinyoa kichwa kizima, na Waairishi nao walikuwa na mtindo wao uliowaudhi sana Warumi. Msidhani ilikuwa mambo ya saluni! Papa Vitalian alipomteua Theodore wa Tarsus kwenda kuwa askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, alimkuta kichwa kimenyolewa chote, Kimashariki. Ikabidi mzee wa watu, ana miaka 66, akae miezi minne kungoja nywele ziote ili zipate kunyolewa upya Kirumi. Akawekwa wakfu Machi 668.

Mimi mwenyewe nilikatwa, mwaka 1969, kabla sijaacha seminari nikaoa. Duara hatukunyolewa, maana sheria ya Kanisa ya 1917 ilikubali desturi ya watu wa mahali ifuatwe. Askofu alikata vishungi vitano kwa mkasi: mbele, nyuma, kulia, kushoto na utosini, huku tukisema naye kwa Kilatini ile zaburi ya kwamba Bwana ndiye fungu langu. Sasa nywele zetu hizi unazijua. Wiki tatu kabla tulikatazwa kukanyaga kwa kinyozi, askofu apate cha kushika. Mwenzetu mmoja hakusikia. Jumamosi akaenda mjini, akarudi kichwa kinang'aa kama kibuyu. Kesho yake zamu yake ilipofika, askofu alipapasa, akapapasa tena, kisha akakata hewa mara tano, kwacha, kwacha, na kwenye sahani hakikudondoka hata kinyweleo. Mimi ndiye niliyeshika sahani. Nilijiuma mdomo hadi nikaonja damu.

Na huyo ndiye aliyefika upadre. Mimi niliyejaza sahani nina wajukuu tisa.

Papa Paulo wa Sita aliifuta tonsura kwa barua ya tarehe 15 Agosti 1972, iliyoanza kazi 1 Januari 1973. Tangu hapo mtu huingia ukleri kwa kupewa ushemasi, mkasi hauhusiki. Kwa hiyo, mama Vero, siku ukimwona paroko wenu ana duara utosini, hapo mume wako atakuwa amepata: huo ni upara.