Kompyuta Ikikataa Wi-Fi, Jua Kwanza Imekwama Wapi

Jioni moja nilikaa zaidi ya saa mbili na kompyuta ya dada yangu nikiandika nywila ile ile tena na tena. Alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa, lakini chini yake paliandikwa kwamba hakuna intaneti, na dada alikuwa na kazi ya kutuma kabla ya saa sita usiku. Nilizima, nikawasha, nikaondoa antivirusi, nikakaribia kufuta Windows nzima. Kilichonipoteza ni simu yangu: ilikuwa inafungua kurasa vizuri, nikaamini intaneti ipo. Kumbe ilikuwa imeshahamia yenyewe kwenye data ya laini. Waya unaoleta intaneti kwenye ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani, ulikuwa umelegea nyuma ya kabati.

Tangu hapo sigusi kitu kabla ya kujua tatizo liko upande gani wa ruta. Ile mistari ya Wi-Fi hupima mawimbi kati ya kompyuta na ruta, basi. Haijui lolote kuhusu njia ya kutoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma. Kwa hiyo chukua simu, zima data, iunganishe na Wi-Fi hiyo hiyo, ujaribu kufungua ukurasa. Simu nayo ikigoma, achana na kompyuta. Kagua waya, chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe, kisha uipe dakika chache iamke.

Simu ikipata na kompyuta isipate, hapo ndipo uishughulikie kompyuta. Kama haioni mtandao wowote, angalia modi ya ndege. Kwenye laptopu nyingi huwashwa kwa kitufe kimoja tu cha kibodi, na kidole hukigusa bila mwenyewe kujua. Kama inaona mitandao ya majirani wote ila wa kwako, shuku masafa ya mawimbi. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi lakini ukuta huyadhoofisha upesi, na kompyuta nyingi za zamani haziyashiki kabisa. Nimekuta ruta iliyoachiwa 5 peke yake, tulipowasha 2.4 kwenye mipangilio yake, jina la mtandao likajitokeza papo hapo. Ulinzi nao huleta shida kama hiyo: WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi iliyoifuata WPA2, ilitoka mwaka 2018, na mashine iliyotangulia huenda isiielewe. Kwenye mipangilio ya ruta, chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Tafadhali usiache mtandao wazi kwa sababu ya kompyuta moja kuukuu.

Nywila ikikataliwa, bonyeza alama ya jicho uisome herufi kwa herufi, maana sifuri na O kubwa hufanana mno. Kama ilibadilishwa karibuni, iambie kompyuta isahau mtandao huo, kisha uunganishe upya.

Kuna hali moja watu wengi huihangaikia bure: imeunganishwa, nywila ni sahihi, simu inapata, lakini kompyuta haifungui kitu. Kwenye Windows fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, ubonyeze Enter, utafute namba za IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Zikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, ikakosa jibu, ikajipangia yenyewe. Zima Wi-Fi na uiwashe tena. Isiposaidia, zima na uwashe ruta, kisha uhakikishe DHCP yake, yaani huduma inayogawa anwani hizo, haijazimwa. Na kama kurasa zinatoa maonyo ya usalama mfululizo, tazama tarehe ya kompyuta. Ikiwa nyuma miaka kadhaa, tovuti nyingi zitagoma kufunguka.

Lakini kazi ikiwa ya haraka, washa hotspoti ya simu kwanza, umalize kazi, halafu ndipo utafute ubovu. Kazi ya dada ilitumwa hivyo, saa tano na dakika arobaini usiku, kabla sijauona ule waya.