Jibu: Mstari wa MUD kwenye kodi ya nyumba, Texas
Habari ndugu, na hongera kwa nyumba mpya.

Umeuliza kwa nini bili yako ya kodi hapo Katy ina mstari wa MUD zaidi ya kodi za kaunti na shule, na kama ndiyo ada ya HOA. Hapana. HOA ni chama cha wenye nyumba. MUD (Municipal Utility District) ni wilaya ya huduma za maji, chombo cha umma chenye wakurugenzi watano wanaopigiwa kura. Mjenzi wa mtaa alitandaza mabomba ya maji safi, maji taka na mifereji ya mvua kwa fedha zake. Wilaya ikauza hatifungani, yaani ikakopa kwa wawekezaji, ili kumrudishia, na nyinyi wakazi mnalipa deni hilo kupitia kodi.

Kwanza angalia kiwango cha kodi ya MUD kimegawanywaje: deni kiasi gani, uendeshaji na matengenezo kiasi gani. Huhesabiwa kwa kila dola 100 za thamani. Tuseme ni senti 70: nyumba ya dola 300,000 italipa dola 2,100 kwa mwaka.

Kilichotuumiza sisi ni benki ya mkopo wa nyumba, iliyokuwa ikikusanya kodi ndani ya malipo yetu ya mwezi, kukadiria kodi ya mwaka wa kwanza kwa thamani ya kiwanja kitupu. Mwaka uliofuata malipo ya mwezi yakapanda ghafla, mke wangu akakesha mezani na kikokotoo. Wapigie benki yako mapema, uliza wametumia thamani ipi.

Na nenda kwenye mikutano ya wilaya, iko wazi kwa wote. Fedha za kukarabati pampu hupitishwa pale. Bili yako sijaiona; bandika ule mstari hapa tuusome pamoja.