Kabla hujatuma pesa ya maji nyumbani, uliza mchanga wako umetoka wapi

Mwaka 2014 nilikuwa najenga nyumba ya vyumba vitatu huko Ruai, pembezoni mwa Nairobi. Asubuhi moja lori la mchanga liliingia kwenye ploti, na dereva aliponisikia nikizungumza na fundi akatambua lafudhi yangu, akanisalimia kwa Kikamba. Tukaulizana makwetu. Akataja soko la kwetu, Makueni. Nikamuuliza mchanga ameupakia wapi. Akautaja mto wetu, akanielekeza hadi mahali penyewe: chini ya daraja, karibu na mkuyu mkubwa.

Pale kwenye mkuyu ndipo mama yangu alipochota maji tangu alipoolewa. Na wiki ileile nilikuwa nimemtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa anunue maji ya kuletwa kwa punda, kwa sababu mashimo ya mtoni yalikuwa yamekauka mwezi wa saba, mapema kuliko alivyowahi kuona.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimelipia mchanga Ruai, na nalipia tena maji ambayo mchanga huohuo ungeyatunza nyumbani.

Nawaandikia wenzangu tunaoishi Nairobi, tulio na vyama vya watu wa kwetu, vile vya kukutana Jumapili baada ya ibada na kuchanga kidogo kidogo kwa ajili ya nyumbani. Tunapapenda kwetu, na tuna haraka. Haraka hiyo ilitugharimu sana.

Chama chetu kilianza mwaka 2011, mwaka wa ule ukame mbaya, na jambo la kwanza tulilolifikiria lilikuwa kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Tulichanga kwa zaidi ya mwaka mzima. Mkandarasi akachimba karibu na barabara, kwa sababu mashine ilifika hapo bila shida. Maji yakatoka, tukapiga picha, tukarudi Nairobi. Yalikuwa maji ya chumvi. Ng'ombe waliyanywa, lakini maharagwe hayakuiva kwayo hata ukeshe jikoni. Baada ya mwaka mmoja na nusu pampu ikaharibika, ikakaa hivyo. Nilipokwenda kuuliza kwa nini hakuna aliyeitengeneza, mzee mmoja alinijibu bila ubaya wowote: "Si ni kisima cha watu wa Nairobi?"

Hilo neno lilinifundisha kuliko semina yoyote. Ukisikia mradi wa kijiji unaitwa kwa jina lenu nyinyi mlio mbali, ujue haujapata mwenyewe, na siku ukiharibika utawangoja nyinyi.

Tulipokutana tena nyumbani kuamua la kufanya, tulikaa chini ya mwembe siku nzima na safari hii tukawaacha akina mama waseme kwanza. Mama alisema: "Mwanangu, mnatafuta maji kwa mashine na sisi tunajua yalipo." Wakatutembeza mtoni. Walijua shimo gani hukauka mwezi wa sita, lipi hufika wa nane, na lipi halijawahi kukauka kabisa. Hakuna mtaalamu ambaye angejua hayo kwa ziara ya siku moja. Baadaye mhandisi tuliyemlipa aje kupima alianzia palepale walipoonyesha wao, kwa sababu mahali maji yanapokaa muda mrefu mara nyingi mwamba uko karibu chini yake.

Kwa wale ambao hawakukulia kwenye mito ya msimu, nieleze kidogo. Mito yetu hutiririka siku chache tu wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Lakini mchanga ule si mtupu. Katikati ya chembe zake maji hukaa, na jua haliyafikii yakishakuwa chini kiasi cha goti. Mbu hawazai humo, ng'ombe hawayachafui, na yakipita mchangani huchujika. Ukijenga ukuta wa zege juu ya mwamba kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na kati ya robo na theluthi ya rundo lile inaweza kuwa maji ya kuchotwa. Hilo ndilo bwawa la mchanga. Ukambani yamejengwa kwa miongo mingi, mengi yao kwa mikono ya vikundi vya mwethya, yaani watu wa kijiji kimoja kufanyiana kazi kwa zamu. Kwa hiyo lori linapoondoka na mchanga linaondoka na tangi la maji la kijiji. Na mto ukishabaki mwamba na matope, mvua ikinyesha maji hupita mbio kuelekea baharini.

Nikitoka kazini mjini hupita Barabara ya Muindi Mbingu, kando ya Bustani ya Jeevanjee. Wengi tunaitaja kila siku kumwelekeza mtu City Market, na sidhani kama tunakumbuka jina lile lina uhusiano gani na udongo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ardhi ya Wakamba inaharibika kwa sababu ng'ombe ni wengi, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, wakati kiwanda cha nyama cha Athi River kikihitaji ng'ombe. Watu wakatembea kwa miguu kutoka Ukambani hadi Nairobi kumwona gavana, Muindi Mbingu akiwa mbele yao. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza ile amri. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini dawa iliyoletwa kwa bunduki ilikataliwa. Miaka iliyofuata, watu walewale walipoona faida ya matuta kwenye mazao yao wenyewe, walichimba maelfu kwa maelfu, na leo ukitazama milima ya Machakos kutoka barabarani utaiona imepigwa mistari kutoka chini hadi juu. Mimi nalichukulia hilo kuwa onyo kwa chama chetu pia. Pesa za mjini zinaweza kuwa amri kama ile, hata zikija na tabasamu.

Basi, tulichofanya. Kabla ya mfuko mmoja wa saruji kununuliwa tulipata makubaliano ya maandishi kutoka kwa wenye mashamba ya kingo zote mbili, kwamba njia ya kwenda mtoni itabaki wazi kwa kila mtu. Usiliruke hili. Nimeona bwawa zuri kijiji jirani ambalo mwenye shamba alikufa, watoto wake wakazungusha seng'enge, na sasa akina mama huzunguka karibu kilomita mbili kuyafikia maji waliyoyajenga wenyewe. Kikundi kikasajiliwa, kikajiunga na jumuiya ya watumiaji wa maji ya mto, jumuiya ambazo leo zinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na tukaomba kibali kwa mamlaka ambayo sasa inaitwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali kilichukua miezi. Tuliitumia miezi hiyo kuchimba matuta kwenye mashamba ya juu ya mto, jambo ambalo wengi hulisahau: mteremko ukiwa wazi, bwawa litajaa tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji.

Nairobi tulileta saruji, nyaya na fundi mkuu. Mawe, mchanga wa kujengea, maji na nguvu vilitoka kijijini. Kila nyumba ilikuwa na siku zake kwenye daftari, na aliyekosa alilipia au alileta mtu. Ukuta ulimalizika mwaka 2016. Mvua ya kwanza ilileta mchanga hadi nusu, na watu wakaanza kunung'unika kwamba tumewadanganya. Ulijaa mvua ya tatu. Waambieni watu mapema kwamba itachukua misimu, maana wakikata tamaa katikati hawatalinda chochote.

Sasa niseme jambo gumu kuliko ukuta. Waliokuwa wakipakia mchanga usiku ni vijana wetu. Mmoja alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Kwenye baraza la chifu watu walipiga kelele wakamatwe, nami nilipiga kelele nao, mpaka yule kijana aliposimama akauliza, kwa heshima, kama kuna mtu pale ana kazi ya kumpa kesho asubuhi. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimelipa watu kama yeye kupitia lori la Ruai, na sikuwa na jibu.

Kaunti ya Makueni ilikuwa imepitisha sheria ya mchanga mwaka 2015, na sheria hiyo imetusaidia sana, kwa sababu bila hiyo kijiji hakina meno mbele ya mwenye lori. Lakini askari hawawezi kulala mtoni kila usiku. Kilichobadilisha mambo ni kuwapa vijana sehemu ya kile wanachokilinda. Kingo za bwawa hubaki na unyevu muda mrefu, tukawagawia vipande wapande sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Wengine wawili walianza kitalu cha miche: maembe ya kupandikizwa na mukau, mti wetu wa mbao unaovumilia ukame. Sio wote waliokubali. Watatu walihamia mto mwingine na malori yao, na huo ni uchungu ambao kijiji chetu kimewasukumia wengine. Lakini mtoto wa shangazi ndiye leo mlinzi wa zamu, na hakuna lori linalomdanganya, maana anazijua njia zote. Hapa Nairobi ukitembea Karura utaona wazo hilohilo: msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usinyakuliwe, leo unasimamiwa na jumuiya pamoja na shirika la misitu, na wakazi wa mitaa ya jirani wana kazi ndani yake.

Kuhusu hesabu nitakuwa mfupi. Pesa ziwe kwa jina la kikundi, watie sahihi watu watatu, angalau mmoja mwanamke, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano hata kama hakuna kilichoingia. Nyumba yetu hutoa shilingi 50 kwa mwezi za matengenezo. Ni kidogo, lakini pampu ya mkono ya pale bwawani ilipokatika mwaka juzi ilitengenezwa siku ya nne, na mimi huku Nairobi nilisikia baadaye.

Shambani, kama una siku chache za likizo, zitumie mwezi wa nane na wa tisa, baada ya mavuno na kabla ya mvua ya vuli. Kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko masika, kwa hiyo shamba linapaswa kuwa tayari kufikia katikati ya mwezi wa kumi. Chimba fanya juu: mtaro wa kina cha sentimita 60 hivi na upana kama huo, udongo ukitupwa upande wa juu, kisha panda nyasi kwenye tuta ili lishike na ng'ombe wapate malisho. Tumia kamba na pimamaji kufuata usawa wa ardhi. Macho hudanganya, na mtaro ulioinama hugeuka korongo mvua moja tu. Mama aliacha kulima mahindi shamba zima. Anaweka ndengu, kunde na mbaazi sehemu kubwa, na mahindi kidogo kwenye mashimo ya zai yaliyotiwa samadi, yanayokusanya maji mahali mche ulipo. Mwaka ambao jirani asiye na matuta alivuna debe moja la ndengu, mama alivuna magunia matatu.

Nawe unayejenga pembezoni mwa Nairobi, Utawala, Kamulu au Joska, muulize muuzaji mchanga umetoka mto gani na umwombe akuonyeshe kibali. Akikwepa swali, tafuta mwingine. Mchanga wa kusagwa kutoka machimbo ya mawe unafanya kazi nyingi za zege vizuri, muulize fundi wako akupimie mchanganyiko. Ukuta wa mwisho wa nyumba yangu niliujenga kwa huo.

Mwethya wetu mwaka huu unaanza Jumatatu ya pili ya mwezi wa nane, kwenye mteremko wa juu ya mkuyu, kwa mjane ambaye shamba lake linaanza kupasuka. Nimeomba likizo ya siku tano. Basi langu linaondoka kituo cha Machakos Country Bus hapa Nairobi Jumamosi alfajiri, na nimeshanunua jembe jipya, maana lile la zamani mama amesema mpini wake umeisha.