Kwa nini rangi ya manjano imefifia?

SWALI: Nilitia nyuzi za sufu rangi kwa unga wa manjano (kile kiungo cha mchuzi), nikazianika juani, zimefifia, na nyingine zimejikunyata. Kosa ni lipi? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama, manjano hupauka juani hata ikitanguliwa na shabu (chumvi ya madini inayoshikisha rangi kwenye nyuzi), hivyo ni afadhali utumie maganda makavu ya vitunguu, ambayo wauzaji sokoni huyatupa. Yenye rangi ya kahawia hutoa njano iliyokoza hadi chungwa. Kwanza loweka sufu, kisha ipashe moto polepole kwa saa moja katika maji yenye shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Chemsha maganda kando, yachuje, na usitumbukize sufu kabla maji hayajapoa, kwa sababu unywele wa sufu una magamba madogo ambayo, yakipatwa na joto la ghafla na kusuguliwa, hushikana yasiachane tena. Ndiyo maana zako zilijikunyata. Pasha tena moto taratibu, maji yatoe mvuke bila kutokota. Msumari wenye kutu sufurianimo huigeuza rangi kuwa ya zeituni, nasi tunaipenda zaidi. Sufuria hiyo isirudi kupikia bugali.