Fungu la mrejesho liandikwe kabla ya utafiti kuanza

Kazi yangu ni kupeleka matokeo ya watafiti wa kilimo kwa wakulima. Karibu kila kijiji huniuliza: wale waliokuja kuchuma majani yetu, waliona nini? Ukiitwa kutoa maoni kuhusu sera ya taifa ya mawasiliano ya sayansi, anzia kwenye swali hilo.

Chukua ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 pale Amani, milima ya Usambara. Hauna dawa. Huenezwa na inzi weupe, na husafiri mbali kwa pingili ambazo jirani humpa jirani. Shamba laweza kuwa la kijani tu, ukichimba unakuta mihogo imeoza ndani, haifai hata kwa makopa. Kwa ugonjwa kama huu, taarifa ndiyo kinga: pasua muhogo uutazame kabla ya kukata mbegu, ng'oa shina lililougua, tafuta pingili safi. Makala ya Kiingereza kwenye jarida la kulipia haimfikii mwenye panga mkononi.

Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, nayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti. Hapo ndipo pa kubana. Andiko la utafiti lisilo na fungu la mrejesho, yaani sehemu inayoeleza matokeo yatarudishwaje kwa wakulima kwa Kiswahili, ikitaja vijiji na muda, lisubiri. Nimeona bajeti nyingi ambamo kusambaza matokeo ni mstari wa mwisho, na fedha zikipungua ndio unaokatwa kwanza. Kinachobaki ni warsha ya hotelini, watafiti wakielezana wenyewe kwa wenyewe. Inaniuma, kwa sababu gharama ya vipindi vichache vya redio ya wilayani, jioni watu wakiwa wamerudi shambani, si kubwa.

Sera imtaje pia bwana shamba. Yeye ndiye anayebaki kijijini mradi ukiisha, hivyo apate matokeo mapema na namba ya mtafiti wa kumuuliza. Na vyuo vikuu vihesabu kazi hii wakati wa kupandisha watu vyeo, la sivyo mhadhiri atachagua jarida kila mara, wala simlaumu.

Matokeo mabaya nayo yarudishwe. Mbegu mpya ikishindwa kwenye majaribio, wenye mashamba waambiwe msimu huohuo, kabla hawajawagawia shemeji zao pingili.